Maziwa Mabichi ya Krismasi

Nawasalimu nyote kwa jina la Yule aliyezaliwa bandani. Watoto, ninyi mmeshaniamkia pale nje, lakini marahaba tena. Katekista amenipa dakika kumi. Mke wangu, Mama Resti, amekaa benchi la tatu, na tumekubaliana kwamba nikitia chumvi atakohoa.

Mimi ni Baba Resti wa Singe. Nalima mahindi na maharage, na nafuga ng'ombe wawili watatu tangu nilipooa. Wengi mnanijua kwa hori ile iliyo kwenye pango hapo mbele. Niliichonga mwenyewe kwa gogo moja, na kila Majilio inatoka bandani kwangu kuja hapa ili Mtoto Yesu alazwe humo. Lakini wengi zaidi mnanijua kwa maziwa. Kwa miaka kumi na minne, Misa ya Krismasi ikiisha, nilisimama nje ya mlango huu na ndoo mbili za maziwa niliyokamua asubuhi ileile, povu bado liko juu, nikawapa watoto kikombe kimoja kimoja.

Sikuwahi kuyachemsha. Nilisema maziwa ya kuchemsha ni ya wagonjwa na watu wa maofisini. Baba yangu alikunywa mabichi, babu alikunywa mabichi, na wote walizeeka. Tena niseme ukweli, nilipenda sana kusikia "Asante, Baba Resti" ikirudiwa na mstari mzima. Krismasi yangu ilikuwa hiyo. Mahubiri sikuyasikia hata mwaka mmoja, maana akili yote ilikuwa kwenye ndoo.

Mwaka juzi, baada ya Pasaka, nilinunua mtamba mnadani. Alikuwa mweupe mwenye mabaka, ana mimba, nikamwita Neema. Mwezi wa tisa akatupa mimba. Ndama alitoka mfu, na kondo la nyuma likakwama. Nikaingiza mkono nikalitoa mwenyewe, mikono mitupu, na viganja vyangu vimejaa michaniko ya jembe. Nilinawa kwa maji ya baridi nikaenda kunywa chai. Kesho yake Neema akatoa maziwa, machache tu. Nikasema Mungu ni mwema, tumekosa ndama lakini maziwa tumepata. Nikayanywa palepale bandani.

Wiki tatu baadaye homa ikaanza. Ilikuwa homa ya ajabu. Asubuhi niko mzima, naenda shamba. Ikifika saa tisa mchana natetemeka, na jioni natoka jasho mpaka shuka linakamulika. Jasho lenyewe lilinuka kama majani yaliyovunda. Nikanunua mseto, dawa ya malaria, duka la dawa, nikamaliza dozi. Nikapata nafuu siku nne, ikarudi. Mtu akaniambia hiyo ni taifodi, nikameza dawa za taifodi. Ikarudi tena. Mwezi wa kumi ulipoisha, mkanda wangu ulikuwa umeongezwa matundu mawili kwa msumari.

Kisha maumivu yakashuka kiunoni na kwenye nyonga. Nilishindwa kuinama kukamua, Mama Resti akachukua kazi hiyo. Nikashindwa kupanda kitanda bila kushika mguu wangu kwa mikono na kuupandisha. Na akina mama mnisamehe, ushuhuda ni ushuhuda: korodani ya kulia ikavimba ikawa kubwa kama limau, ya moto, hata suruali sikuweza kuvaa. Nilijifunga shuka nikawaambia watu ni joto.

Binti yangu Resti anafundisha shule ya msingi kule Mutuka. Alikuja kunitazama, akasimama mlangoni, akaanza kulia.

"Baba, umebaki mifupa. Naita bajaji."

"Bajaji ya nini? Ni mgongo tu."

"Sikuulizi, baba. Nakuambia."

Hospitalini alinipokea daktari msichana, umri wa mwanangu. Alisema shikamoo, nikaitikia, lakini moyoni nikasema huyu nitamwonyeshaje? Nikamwomba Resti atoke nje kwanza. Daktari alinipima, wala hakucheka. Kisha akauliza swali ambalo duka la dawa halikuniuliza hata siku moja.

"Baba, unafuga?"

"Nafuga."

"Kuna ng'ombe aliyetupa mimba karibuni?"

Nikasema yupo.

"Maziwa mnayachemsha?"

Nikatazama sakafu. Akachukua damu, tukasubiri majibu. Alipoyapata akaniambia hiyo siyo malaria wala taifodi, ni bruselosisi, ugonjwa unaofanya ng'ombe atupe mimba. Mtu huupata kwa maziwa mabichi, au kwa kushika uchafu wa uzazi wa mnyama mgonjwa. Akaniambia unatibika. Akanipa dawa za wiki sita, nizimeze kila siku bila kuruka, nisizishushe kwa maziwa hata yaliyochemka. Akaongeza: "Waambie wote nyumbani. Mama aje apimwe, na mtu asionje tena maziwa mabichi."

Nikasema sawa, daktari. Nikatoka nje. Resti akauliza, "Wamesemaje?" Nikamjibu, "Ni mgongo. Wamenipa dawa za mgongo."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo limenileta mbele yenu leo. Nilikuwa na mambo mawili ya kuonea aibu. La kwanza mnalijua, lilikuwa chini ya shuka. La pili lilikuwa kubwa zaidi. Mimi, Baba Resti wa maziwa, niseme maziwa yangu ndiyo yameniangusha? Krismasi ilikuwa inakaribia. Nilijiambia nitapona kimyakimya, Januari nitamwita bwana mifugo, na hakuna atakayejua. Nyumbani nikamwambia mke wangu anichemshie maziwa yangu kwa sababu ya baridi. Yangu tu. Yeye aliendelea kunywa mabichi mbele ya macho yangu, nami nikamtazama. Wiki mbili nzima.

Dawa zilianza kufanya kazi. Mkojo wangu ukawa rangi ya soda ya machungwa, nikashtuka, kumbe daktari alishanieleza kuwa ni dawa. Homa ikapungua. Nyonga bado zilikuwa zinauma, natembea kwa fimbo hatua kumi nakaa.

Jumamosi ya kwanza ya Majilio, asubuhi, nilikuwa kitandani nikasikia nyimbo. Watoto wa kigango walikuwa wamekuja na mlezi wao Mama Fausta kuchukua hori, kama kila mwaka. Na kama kila mwaka, watoto wakija kuchukua hori kwangu hawaondoki bila nusu kikombe cha maziwa. Desturi hiyo niliianzisha mwenyewe. Nilikuwa nimeisahau.

Nikasikia vikombe vinagongana. Nikasikia Mama Resti anasema, "Pangeni mstari, wadogo mbele. Leo kuna ya Neema."

Niliita, hawakunisikia kwa kelele za vikombe. Nikatafuta fimbo, ilikuwa imeanguka uvunguni. Basi nikajiangusha chini nikatambaa. Mzee mzima nilitambaa kwa magoti na viwiko mpaka mlangoni, shuka nusu limebaki nyuma. Mtoto wa kwanza, anaitwa Upendo, alikuwa ameshafikisha kikombe mdomoni.

"Msinywe!" nikapiga kelele. "Mwageni! Yana ugonjwa!"

Mama Fausta hakuuliza. Alikipiga kile kikombe kwa mkono kikarukia huko. Upendo akaangua kilio. Wengine wakasimama kama wamepigwa picha.

Mama Resti alikuwa ameshika jagi. Akaniuliza taratibu, "Ugonjwa gani, Baba Resti?"

Nikamwambia, palepale chini mlangoni, mbele ya watoto wote.

"Umejua lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

Alitazama lile jagi. Asubuhi ile alikuwa ameshakunywa kikombe chake. Akaliweka chini, akanifunika shuka vizuri, akasema, "Mficha uchi hazai. Wewe umeshazaa, ukaona sasa ufiche mpaka utuzike?"

Ndugu zangu, nimepata maumivu ya nyonga, nimepata na ya pale chini. Hakuna lililoniuma kama lile. Nililia, na watoto wakaniona nikilia.

Siku hiyohiyo nikawatuma watu kwa kila nyumba iliyowahi kupata maziwa yetu tangu mwezi wa tisa. Wote walikwenda kupimwa na majibu yao yakawa mazuri, Mungu ashukuriwe. Mama Resti naye akaenda. Yeye akakutwa nao. Lile jasho lake la jioni alilokuwa anasema ni umri, halikuwa umri. Basi tukawa tunameza pamoja kila asubuhi, yeye vyake mimi vyangu, tumekaa ukingoni mwa kitanda. Siku tatu hakusema nami neno zaidi ya "maji haya." Siku ya nne akaniambia, "Mkojo wangu nao umekuwa wa machungwa," tukatazamana, tukacheka mpaka nyonga zikanikumbusha.

Bwana mifugo akaja akawapima ng'ombe. Neema alikuwa na ugonjwa, mwenzake hakuwa nao. Neema akaondolewa, asimwambukize mwenzake. Sikutoka nje kumtazama akienda. Yule mnyama hakuwa na kosa lolote.

Ikabaki hori. Neema alikuwa akila humo kila siku. Nikamwita Katekista nikamwambia watafute nyingine, hii nitaichoma moto, haifai kulazwa Mtoto Yesu.

Katekista si mtu wa maneno mengi, mnamjua. Alikaa kwenye kigoda, akanywa chai yake yote ndipo akajibu.

"Baba Resti, ile ya Bethlehemu unadhani nani alikuwa ameiosha?"

Nikasema hakuna.

"Wewe umezaliwa penye ng'ombe, umekua na ng'ombe. Banda unalijua kuliko mimi. Niambie, banda ni mahali pasafi?"

"Hapana."

"Basi Yeye alijua anakokuja."

Alipoondoka nilibaki nikiwaza. Miaka kumi na minne nimeileta hori hii kanisani na sikuwahi kuitafakari. Kila Krismasi nilikuja kama mtu anayemletea Mungu kitu, ndoo mbili, na asante yangu napokea mlangoni. Mwaka ule sikuwa na ndoo. Nilikuwa na ugonjwa wa bandani, uongo wa wiki mbili, na mke niliyekuwa nimemwacha anywe sumu ili nisiaibike. Hivyo ndivyo vilivyokuwa ndani yangu. Na humohumo ndimo Bwana alimotaka kulazwa. Hakusubiri nijisafishe. Nilifurahi, nikaona aibu, nikafurahi tena. Sijui kulisema vizuri zaidi ya hapo.

Lakini msinielewe vibaya, hori tuliiosha! Bwana mifugo alileta dawa yake, Resti na wenzake wakavaa glavu na mabuti, wakaisugua, ikaanikwa juani siku nyingi. Imani haikatazi sabuni.

Siku ya Krismasi nilikuja kwa bajaji, nikashuka mwenyewe, nikaingia kwa fimbo. Kwa mara ya kwanza nilisikia mahubiri mwanzo hadi mwisho. Tulipotoka nje nikaona mafiga matatu, moto, na sufuria kubwa ya harusi. Wafugaji wa Mutuka walikuwa wameleta maziwa bila kuniambia, na akina mama wanayachemsha. Harufu yake ilijaa uwanja wote.

Sikujua nisimame wapi. Mahali pangu, nyuma ya ndoo, palikuwa na watu wengine. Nikaenda nikasimama kwenye mstari, nyuma ya watoto. Walikuwa wananigeukia wanacheka. Upendo, yule ambaye kikombe chake kilipigwa, ndiye aliyekuwa akigawa. Nilipofika mbele akanijazia kikombe mpaka juu, akakishika kwa mikono miwili.

"Babu, haya yamechemka. Kunywa."

Vidonge vya asubuhi nilikuwa nimevimeza saa nyingi kabla, kwa hiyo nilikunywa. Yalikuwa ya moto yakaniunguza ulimi, na utando ukanishika kwenye masharubu. Nikasema, "Asante, Upendo." Miaka yote ile nilikuwa nalisikia neno hilo, siku hiyo nikalisema.

Siku chache baadaye nilimaliza dawa. Mama Resti alimaliza Januari. Mwezi wa tatu nilishika jembe, na leo nimekuja hapa kwa miguu kutoka Singe.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule daktari msichana aliyeuliza kama nafuga. Nawaomba tu: chemsheni maziwa, hata ya ng'ombe mnayempenda. Ng'ombe akitupa mimba, msishike kwa mikono mitupu, mwiteni bwana mifugo. Homa ikirudi baada ya dawa, acheni kuzunguka madukani, nendeni mkapimwe, na mwambieni daktari mna mifugo. Na wewe baba uliyekaa hapo na jambo umelificha chini ya shuka, nenda leo ukamwambie Mama wa nyumba yako. Utaona haya siku moja, utapona miaka mingi.

Sasa niruhusuni nitoke, sufuria iko motoni na mwaka huu zamu ya kukoroga ni yangu. Dakika kumi zimepita zamani. Nimemtazama Mama Resti pale benchi la tatu muda wote nikisema, na hajakohoa hata mara moja.