Shavu la Kushoto

Mwanangu alipofikisha miezi minne, shavu lake la kushoto likawa jekundu, likatoka vipele, halafu ngozi ikaanza kutoa maji. La kulia lilikuwa safi kabisa. Nilichanganyikiwa. Ugonjwa gani huo unaochagua shavu?

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Wakati huo mama mkwe alikuwa amekuja kwetu Turwa kutoka Mbalibali na chupa ya samli ya ng'ombe wake, na kila asubuhi alimpaka mjukuu mwili mzima huku akimwita mura, yaani kijana, mura wangu. Nikaamua ni samli tu. Niliimwaga mbele yake, nikamwambia kuanzia leo kabla hajamgusa mtoto anawe kwa sabuni mpaka viwiko. Siku ya tatu alifunga kanga zake akarudi kwake.

Samli ikaondoka, shavu likabaki vilevile. Nikabadilisha sabuni ya kufulia. Nikatupa poda. Nikamwogesha kwa maji matupu. Wapi! Jirani mmoja alisema ni jicho la watu, mwingine akasema maziwa yangu ni mabaya, na mimi nikawa naamini la huyu asubuhi, la yule jioni. Mtoto alikuwa anajikuna mpaka analia, nami nalia naye.

Muuguzi wa kliniki aliniagiza nimpelekee kila kitu kinachomgusa mtoto. Nilijaza mfuko: sabuni, shuka, kofia, hata beseni lake dogo. Akaangalia kimoja kimoja, akatikisa kichwa. Kisha akasema nimbebe kama ninavyombeba siku zote. Nikamweka bega la kushoto, naye akalaza shavu shingoni kwangu, kama kawaida yake.

"Na wewe mama, shingoni unapaka nini?"

Jamani. Krimu ya kung'arisha, ile niliyoletewa na dada yangu aliyeolewa ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Ilipimwa kutoka kwenye ndoo ikatiwa kwenye kikopo, haina jina wala maandishi. Sikuiweka kwenye mfuko kwa sababu haikuwa ya mtoto. Hata mimi ilikuwa inanichonyota, nikadhani ndiyo inafanya kazi. Muuguzi alinikanya nisipake tena kitu nisichojua kimetengenezwa kwa vitu gani, akanipa dawa ya mtoto. Baada ya wiki mbili shavu likatulia.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Mbalibali. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mama mkwe aliitikia shikamoo yangu, akamtazama mtoto, akatabasamu. Nikamnyooshea ampokee. Hakumpokea. Aliingia ndani, akatoka na maji na kipande cha sabuni, akanawa taratibu pale mlangoni, akajipangusa kwa kanga. Ndipo akaja kwangu, mikono yote miwili mbele.

"Nimenawa mpaka viwiko, mwanangu."

Nililia kabla sijaweza kumwambia kwamba ilikuwa ni mimi.