Mababu wa Mageni Ndani ya Kompyuta

Katika vijiji vya Ushirombo, ukitaka shamba lako la pamba lilimwe liishe kwa siku moja, uliita kundi la Mageni. Wanawake kumi, wanaume wanane, ngoma mbili, na yeye mbele na jembe begani, akitunga nyimbo hapo hapo matutani. Alikuwa mfupi, ana sauti ya kuvuka bonde na mdomo wa kuvuka mipaka.

Wimbo wake uliotia fora ni ule wa mwaka wa mvua za Elnino, na aliyesemwa humo alikuwa mumewe mwenyewe, Kalisti. Kalisti aliacha mihogo shambani akaenda Segese kutafuta dhahabu. Akakaa miezi saba akishuka na kupanda kwenye duara, hilo shimo lao la wachimbaji, refu kuliko kisima, kisha akarudi na buti za mpira zilizojaa tope. Mageni hakumgombeza. Alimtungia wimbo: umeniletea udongo, Kalisti, kana kwamba kwetu udongo umekwisha. Watu walicheka hadi majembe yakawadondoka. Na kwa kuwa Kalisti ndiye mpiga ngoma wa kundi, ilimbidi aupigie wimbo wa kumsema yeye, tena aliupiga vizuri kuliko nyimbo zote. Mume wa namna hiyo haachwi.

Lakini Mageni alifanya kosa moja. Usukumani mwimbaji hujitaja ndani ya wimbo: mimi fulani, ng'wana fulani, yaani mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani. Ndiyo alama ya mwenye mali. Kwenye wimbo ule hakujitaja, maana aliona mume ameshatajwa, na aibu ya nyumba moja haihitaji majina mawili. Wimbo ukabaki kama mbuzi asiye na kamba. Na kule Runzewe alikuwako Nyamizi, kiongozi wa kundi jingine, mwanamke asiyeweza kumwona mbuzi wa namna hiyo akapita. Akaanza kuuimba harusini, jina lake amelichomeka mwanzo na mwisho. Mara habari ikafika kwamba Jumatano anakwenda kuurekodi kwa Ramesh mwenye duka, utoke kwenye kaseti, mabasi yaupige hadi Kahama.

"Akishautoa," Kalisti alisema, "hata useme ni wako, watakuuliza kaseti yako iko wapi."

"Ndiyo maana sisi tunakwenda Jumanne."

Ramesh aliuza majembe, vitenge na mafuta ya taa pale sokoni Ushirombo. Chumba cha nyuma ya duka kilikuwa cha mkewe, Madhuben, aliyekulia Mwanza akipiga kinanda cha upepo kwenye sala za Wahindi. Kaka yake alikuwa amemletea kompyuta, kinanda cha umeme na maikrofoni mbili. Kuta zote Madhuben alizipangia magunia ya pamba, sauti isirudi. Umeme wa mjini haukuwepo, kwa hiyo jenereta ilikaa mbali nyuma ya ghala, waya ukavutwa hatua mia, maana ikisogea karibu, nayo inataka kurekodiwa. Jumanne hiyo petroli ilikuwa lita tatu tu. Lori la Kahama lilikuwa limekwama kwenye tope. Petroli ikiisha, kazi imeisha, na kesho ni zamu ya Nyamizi.

"Shikamoo, Mama Limi," alisema Madhuben, akimwita Mageni kwa jina la mtoto wake.

"Marahaba, Mama Rushabh. Hiyo mashine yako imeamkaje?"

"Imeamka na kazi imeanza. Jana Baba Limi, Kalisti wako, alinipigia mluzi wimbo wote. Nimeshaingiza kinanda na ngoma." Akamwonyesha kwenye kioo vipande vya rangi vilivyopangwa kama matofali. "Humu hakuna sauti, kuna amri tu. Bonyeza hapa, achia hapa. Kompyuta ikizisoma, kinanda kinalia chenyewe."

"Kwa hiyo mpigaji huyo hachoki wala haendi kunywa?"

"Haendi."

"Afadhali yeye," Mageni alisema, akimtazama Kalisti. Kalisti akaenda kukaa na jenereta.

Mageni akavishwa spika ndogo za masikioni. Ndani yake kulikuwa na kitu kinahesabu mapigo tik, tik, tik, kama jogoo anayedonoa bati. Akaimba. Ubeti wa kwanza ukapita safi. Ukaja ubeti mpya, wa kujitaja. Shambani, mwimbaji akifika hapo, mpiga ngoma hupunguza mkono akasubiri hadi ukoo uishe. Mageni akavuta pumzi. "Mimi Mageni, ng'wana Maige, Maige mtoto wa..." Papo hapo ngoma za mashine zikaporomoka na kiitikio, zikamkanyaga Maige na aliyemzaa.

Mageni akakatiza wimbo. "Nani ameniingilia?"

"Hakuna mtu. Nimeihesabia mapigo thelathini na mawili, halafu inaingia."

"Iambie inisubiri. Sijafika hata kwa babu."

"Haisikii, Mama Limi."

"Basi haina malezi."

Mara ya pili aliyataja majina mbio mbio, akawa kama mtu anayeita watoto wake nyumba ikiungua. Mara ya tatu alijaribu kumruka babu, akashindwa mwenyewe, akavua zile spika.

"Jina tutaliandika kwenye karatasi ya kaseti," Madhuben alishauri.

"Ndani ya basi nani anasoma karatasi? Kesho Nyamizi atakuja na jina lake moja tu, litatosha ndani ya hizo hesabu zako, na wimbo utakuwa wake hadi kiyama. Babu yangu simwachi nje kwa ajili ya tik tik."

Kalisti akachungulia mlangoni. "Petroli imebaki nusu."

Madhuben aliacha mkono juu ya mausi. Kisha akacheka peke yake. Mama mkwe wake, kila wanaposali jioni, huvuta neno moja hadi chai ipoe, na hakuna aliyewahi kumwambia afuate kinanda. Kinanda ndicho humfuata yeye.

"Tumeanzia mwisho," akasema. "Wewe imba kwanza, bila kinanda. Sauti yako ikishaingia siwezi kuivuta wala kuikata, itabaki kama ilivyotoka mdomoni. Lakini amri za kinanda nitazisukuma moja moja zikufuate. Kaa kwa babu utakavyo."

"Na huyu wa tik tik?"

"Nimemzima."

Sasa kukawa kimya mno. Mageni alisimama mikono mitupu, akaimba maneno mawili, sauti ikawa ya shahidi mahakamani. "Sijawahi kuimba nikiwa sina kazi," akasema. "Leteni jembe."

Ramesh akashusha jembe jipya kutoka dukani na karai la udongo. "Lina karatasi bado, Mama Limi."

"Utalipata likiwa limejua kazi. Na Kalisti aingie na ngoma yake." Basi Ramesh, mwenye duka, ndiye akaenda kukaa na jenereta.

Jembe likazama karaini, kuf, kuf, ngoma ikajibu, na Mageni akawa shambani. Alipofika kwa Maige, Kalisti alishusha mkono, akabaki anagusa ngozi kwa ncha za vidole. Akasubiri babu, akasubiri babu wa babu, majina saba, na pumzi katikati. Miaka ishirini amekuwa akimsubiri mwanamke huyo. Alijua atatua wapi. Alipotua, ngoma ikaruka. Mwishoni, kwenye udongo wa Segese, Kalisti mwenyewe alishindwa kujizuia akacheka.

"Turudie, kicheko kimeingia," Madhuben alisema.

"Kiache. Huo ni ushahidi."

Madhuben akafuta ngoma za mashine, akaanza kusukuma vipande vya kinanda, Mageni amesimama nyuma yake kama anapanga wakulima mstarini. "Huyo arudi nyuma. Bado. Huyo mvivu msukume. Hapo hapo." Walipoanza kuhamishia kwenye kaseti, jenereta ikakohoa. Ramesh alionekana akikimbilia pikipiki yake na mpira wa kunyonyea mafuta. Alirudi anatema petroli na kulaani kwa Kigujarati, lakini jenereta haikuzimika.

Alasiri kaseti ilikuwa inalia kwenye redio ya dukani, na soko zima linaitikia. Nyamizi, aliyekuja mapema alale Ushirombo, akasimama na kapu lake kichwani. Akasikiliza majina saba, moja baada ya jingine, bila kupepesa macho.

"Mageni, watu wote hao wameingiaje kwenye mashine?"

"Walipiga hodi."

"Na mimi kesho nitaimba nini?"

"Mume wako yuko wapi?"

"Geita. Anachimba."

"Basi wimbo unao, dada. Mara ya mwisho alirudi na nini?"

Nyamizi alitaka kununa, kicheko kikamtangulia. "Na deni la viatu," akasema. Akatua kapu. "Niazime Kalisti anipigie ngoma."

"Nitakuazima hadi saa saba. Mihogo yake inamsubiri."

Nyamizi akamgeukia Madhuben. "Nimesikia mna shida ya petroli. Nije na lita ngapi?"

Madhuben akatazama pikipiki ya mumewe, tangi kavu. "Inategemea," akasema. "Una mababu wangapi?"