Ng'ombe Wanane kwa Matonya, Wanane kwa Ndahani

Saa tatu kasorobo asubuhi, Jumamosi, niliikata kwa wino sehemu ya karatasi yangu iliyoandikwa "Namna tulivyofanya", na kabla ya jua kutua nilikuwa nimeaibika mbele ya watu wengi kuliko wanaokuja sokoni. Nasimulia mwenyewe, maana Dodoma nzima wanayo habari hii na kila mtu ameitia chumvi yake.

Wakati ule Wadachi walikuwa wamekwisha kuifikisha reli, na shule ya serikali ilikuwa na walimu wawili: mimi, niliyejifunza kusoma peke yangu kwenye magunia na barua za wafanyabiashara, na Rajabu, kijana aliyetoka shule ya Tanga na mwandiko kama shanga zilizotungwa. Bwana Shauri, Mdachi mkuu wa boma, alitaka wanafunzi wafundishwe kuandika uchunguzi, si hadithi. Akatupa swali moja: je, udongo wa chumvi wa Bahi huongeza maziwa ya ng'ombe? Kila mwalimu aandike pamoja na wanafunzi wake, asome mbele ya watu bomani, na atakayeandika vizuri apewe darasa la wakubwa na nyongeza ya mshahara.

Darasa lile nililitaka. Nililitaka zaidi kwa sababu Rajabu naye alilitaka (nisijipambe, huo ulikuwa wivu mtupu). Wanafunzi wangu walikuwa wakimaliza kwangu wanakwenda kusimama dirishani kwake. Mke wangu aliposema, "Kijana yule ana adabu," chakula kilinishinda usiku ule.

Basi tulipima. Ng'ombe wanane wa zizi la Mzee Matonya walirambishwa udongo wa chumvi kila jioni, wanane wa Mzee Ndahani hawakupewa, na maziwa tukayapima kwa kibuyu kilekile. Wa Matonya walitoa karibu mara mbili. Nikafurahi. Wanafunzi wa Rajabu walikuwa bado wanazunguka vijijini wakiuliza ng'ombe huyu ni wa nani, amezaa lini, anakula wapi, nami nikawa nawacheka. Lakini asubuhi ile ya Jumamosi, nikinakili karatasi yangu, niliona sehemu ya namna tulivyofanya ina mapengo mawili: wenye ng'ombe ni nani, na walizaa lini. Ningeweza kutuma mtu akaulize. Nikawaza: hayo ndiyo maswali ya Rajabu, nikiyajaza nitaonekana nimemwiga. Nikaikata sehemu nzima. Karatasi ikawa fupi na safi.

Alasiri nilisoma kwa sauti ya kushiba, nikamaliza hivi: "Chumvi huzidisha maziwa, na hili halina shaka." Nikamtaja hata ng'ombe mmoja mwekundu wa zizi la Ndahani, asiyepewa chumvi, kuwa mfano wa ng'ombe asiye na faida kwa mwenyewe. Watu wakaguna kwa kuridhika. Rajabu akasimama.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba kuuliza, hao wa kwa Mzee Matonya walizaa lini?"

"Sisi tulipima maziwa, kijana," nikamjibu. "Ukunga hatukupima."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, na hicho ndicho kicheko changu cha mwisho siku ile.

Mzee Ndahani hakusimama, alisema palepale alipokaa. "Mwalimu, katika hao wanane uliowasifu, watano ni wangu. Walizaa masika haya, nikampelekea Matonya kwa kuwa kwake kuna majani. Kwangu nimebakiza waliokaribia kukauka maziwa."

Mgogo haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Anawagawa kwa ndugu na marafiki, ugonjwa ukiingia au mvua ikikataa asimalizike. Kila mtu aliyekuwa pale alilijua hilo.

Bwana Shauri akanigeukia. "Wewe desturi hii huijui?"

Nikafungua mdomo niseme mimi ni mtu wa mjini tu. Ndahani akaniwahi.

"Anaijua sana, Bwana. Yule mwekundu aliyemsoma hapa kwamba hana faida ni wake. Aliniletea mwenyewe mwaka juzi nimtunzie."

Matonya akasema taratibu, "Jamani Mwalimu, siku zote hizo unamkamua, hata salamu hukumpa?"

Sitaeleza kicheko kile. Kina mama walishikana mabega, na askari mmoja aligeukia ukuta.

Karatasi ya Rajabu ilikuwa ndefu, nusu yake namna walivyofanya, hatua kwa hatua, hata mtu mwingine angeweza kurudia kazi ile na kuwasuta. Mwisho wake ulisema: "Bado hatujui. Ng'ombe ni wachache na malisho hayalingani." Siku nyingine ningeiita karatasi ya mvivu. Bwana Shauri alimpa darasa palepale. Rajabu akanifuata langoni, akanirudishia karatasi yangu niliyoiangusha, akasema kwa heshima, "Umeandika Kiswahili kizuri, Mwalimu." Afadhali angenizomea.

Tangu siku ile mwanafunzi wangu haniletei alichokiona bila kuniandikia kwanza amekionaje, na alichokuwa hajauliza akiandike wazi kwamba hajauliza. Hilo nimeliapia. Wivu sikuuapia, maana kiapo hicho ningekivunja kila mwisho wa mwezi. Rajabu alilishika darasa lile miaka miwili, nyongeza ya rupia nne kila mwezi, nami nimeipiga hesabu yake mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa rika langu: rupia tisini na sita.