Wote Weupe

Jumanne, mwezi wa Novemba 1911, Kaisho. Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika, jua likawaka juu ya migomba iliyolowa. Naandika huku bado nacheka, kwa hiyo huenda sitayapanga vizuri.

Nguruwe jike mweusi wa mke wangu amezaa. Dume ni la mzee jirani yetu, jeupe. Kabla ya kuwakutanisha tulipatana kwa mazoea yetu ya ng'ombe: watakaofuata rangi ya baba ni wa mzee, watakaofuata ya mama ni wetu. Nilidhani watatoka mchanganyiko. Wametoka weupe wote.

"Shikamoo, baba," mke wangu alimwamkia mzee, amesimama katikati ya mlango wa banda. Amemwahidi mama yake, mjane kule Bugomora, jike mmoja wa kufuga.

"Marahaba, mwanangu. Hao wangu ni wazima?"

Mimi niliona mzee ana haki, nikasema hivyo. Mke wangu akaniuliza mimi ni mume wa nani.

Tukamwita mwenye duka atuamue. Ni Mwislamu, babu yake alitoka pwani. Alisimama mbali, kwenye mibuni, kanzu ameipandisha isiguse tope. "Mnyama huyo simli wala simgusi," alisema, "basi sina upande. Semeni."

"Rangi imetunyima," mke wangu akasema. "Tuhesabu chuchu. Jike wangu ana kumi. Dume la baba lina kumi na nne. Atakayefuata jike ni wetu, atakayefuata dume ni wa baba."

"Dume langu umelihesabu lini?" mzee akauliza.

"Kila likija kulala chali kwenye viazi vyangu, baba."

Mwenye duka alijifunika uso kwa mkono wa kanzu. Mabega yalikuwa yanatikisika. "Hesabuni," akasema.

Basi watu wazima watatu tukapiga magoti topeni, tukiwageuza watoto wanaopiga kelele kama wanachinjwa. Wengi walikuwa katikati, si wa baba si wa mama. Mwenye duka akaamua hao tugawane nusu kwa nusu. Lakini katika nusu yetu wote wakawa madume. Akabaki jike mmoja, mdogo kuliko wote. Nikahesabu: kumi. Mke wangu akashika kifua. Nikajitilia shaka, nikarudia, nikaona ya kumi na moja, ndogo sana: basi naye ni wa katikati, si wetu. Sikuweza kunyamaza. Nikaitaja.

Mke wangu akamvuta karibu. Alilowesha kidole kwa mate, akaisugua. Ikatoka. Ilikuwa tope.

Mzee alikaa chini palepale, akacheka mpaka machozi. "Mchukue, mwanangu," alisema. "Mumeo angekupa hasara kwa tonge la udongo."

"Ndiye niliyeolewa naye, baba," akasema, naye anacheka.

Jike atakwenda Bugomora akiacha kunyonya. Sijui kama nilifanya vyema kutaja lile tope. Mke wangu anasema nisimuulize tena.

Jioni tumekula ndizi na senene wa kukaanga, panzi wa mvua hizi. Mimi nimepewa senene wachache, nao nimehesabiwa.