Saidati na Neno "Fata"

Asubuhi ya mwisho iliyofanana na asubuhi nyingine, Saidati alimrushia mumewe andazi kutoka upande wa pili wa meza. Mzee Bizimana akalidaka kwa mikono miwili.

"Kosa," akasema mkewe. "Umeshika. Pointi ni yangu."

Saidati akalichukua andazi, akalila, akaenda kwenye cherehani yake. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameondoka duniani. Basi. Lakini habari yake si hiyo. Habari yake ni mpira wa wavu.

Saidati alikuwa fundi wa nguo hapa Gisenyi, Rwanda, mpakani na Kongo, mtoto wa Waislamu wauza vitambaa. Mwili mzito, ulimi mwepesi. Alikuwa na wajukuu tayari pale daktari alipomwambia awe anatembea. Kutembea bila kumshinda mtu akaona ni hasara. Akakusanya washonaji wenzake, wakawa wanashuka kwenye mchanga wa ziwani kila Jumamosi baada ya alasiri, vitambaa vimekazwa kichwani.

Maneno ya mchezo ule huku ni ya Kifaransa. Saidati aliyachukua akayashona upya. Mansheti, aliwaambia, mnaijua: ni pale shati linapofungwa kifungo mkononi. Mpira uangukie hapo. Pasi ni kugusa sufuria ya moto: vidole viguse, visishike. Smashi ni kumpiga nzi aliyetua juu ya ukuta wa jirani. Bloki ni kumzuia mgeni anayetaka kuingia na viatu. Na servisi ni salamu; ukiikosea, ugomvi umeanza vibaya.

Neno moja tu lilimponyoka. Akiwa ametulia aliongea Kinyarwanda na wenzake, lakini mpira ukiruka, ulimi wake ulirudi kwenye Kiswahili cha mpakani. Alipaza sauti, "Fata!" Maana yake fuata, ukimbilie. Sasa Uwera, mshonaji mpya kutoka Busasamana, alijua Kinyarwanda tu, na kwa Kinyarwanda fata ni shika. Tena alikuwa mtiifu. Kila akisikia fata, aliudaka mpira akaukumbatia kama kuku anayetaka kutoroka. Kosa.

Pulchérie, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, kutoka Nyamyumba, alikuwa na timu yake kwenye kiwanja hichohicho. Siku moja alimwona Uwera, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema wasiojua maneno wahamie kule kwenye majani. Saidati akamjibu wacheze seti moja, atakayeshindwa ndiye ahame.

Bizimana alimvuta kando. Akamwambia kiwanja chote amekiweka rehani kwa ulimi wake. Kule kwenye majani kuna miiba na wenzake wanacheza miguu mitupu. Watarudi nyumbani mmoja mmoja, na Jumamosi zake zitakufa.

"Najua, Mzee," akasema. "Ndiyo maana siwezi kushindwa."

Wakacheza. Refa alikuwa Théoneste, motari wa kubeba abiria kwa pikipiki, mwenye filimbi yake. Uwera akashika mpira, akashika tena. Saidati akamwita, akamweleza taratibu kwa Kinyarwanda: kuanzia sasa ukisikia fata, sahau mikono, kimbia. Kisha akatazama ng'ambo ya wavu. Bizimana aliijua sura ile. Ndiyo aliyokuwa nayo siku alipomshonea jirani mmoja mwenye majivuno gauni lenye mfuko usiofunguka.

Wakapanda pamoja, pointi kwa pointi, mpaka washonaji wakabakiza moja tu washinde. Mpira ukavuka wavu polepole, mwepesi, ukamwendea Pulchérie. Mpira wa kuchezea watoto.

"Fata!" akapaza Saidati.

Pulchérie alinyonya Kinyarwanda kwa mama yake. Mikono ilisikia kabla ya kichwa. Akaudaka, akausimamisha kifuani kama beseni la sambaza, halafu akautazama kama mtu aliyeletewa mtoto asiye wake. Upande wa pili Uwera, mtiifu vilevile, alikuwa anakimbia mbio hata bila kujua anakwenda wapi.

Filimbi ikalia. Pulchérie akaja wavuni akidai pointi ifutwe, kwamba amedanganywa mbele ya watu. Wenzake wakaanza kuokota viatu vyao, wengine wakavirudisha chini. Théoneste akavua kofia, akakuna kichwa, akamuuliza Saidati kwa heshima: neno lile alikuwa anamwambia nani?

Kiwanja kilikuwa chao tangu Saidati alipojibu, na mpaka leo washonaji wanacheza pale Jumamosi. Alipangusa mchanga mikononi kwanza. Hakucheka. Alisema hivi:

"Mi nilikuwa naambia Uwera afate mpira. Kama Pulchérie naye ananitii, bon, kesho akuje kwangu, iko nguo za kupiga pasi."