Kicheko na Milango Miwili

Ulikuwa mwaka ule wa mafuriko. Hapana, nakosea. Mwaka wa mafuriko ndio alioolewa Kicheko. Haya yalikuja baadaye, dobi alipokwisha kununua mashine ya kukaushia. Uzeeni miaka humchanganyikia mtu kama soksi za wateja.

Binti wa dada yangu tulimwita Kicheko. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi mkubwa, chumba cha nyuma, wanawake watupu, mvuke mpaka kuta zinatoa jasho. Mimi fundi viatu, nilikuwa nikiwapelekea ndala zao nilizoshona, nikikawia kidogo nisikie maneno yao.

"Kicheko, hilo shati umelipiga pasi au umelipapasa?"

"Nimelibembeleza. Mwenyewe nyumbani habembelezwi, acha apate hata kwenye kola."

Basi wanacheka, na yeye kuwapita wote.

Akajifungua mtoto, mtoto hakuishi. Alirudi kazini maziwa hayajamkauka kifuani. Usiku halali, mchana miguu imevimba kwa kusimama. Pale kwa dobi wana desturi yao: mwenye maumivu hapewi pole tupu, anapewa kidonge. Mwenzake akamkatia nusu, "Meza hii, mwenzangu, utalala." Alilala. Nusu ikawa kizima, kizima kikawa viganja, na vya duka la dawa viliposhindwa akaanza kununua vya uchochoroni.

Kaka yake alipovuta unga, watu walisema ujana maji ya moto, wakamchangia nauli ya kwenda kutulizwa. Kicheko alipogundulika, mumewe alisema hawezi kuishi na mwanamke mlevi. Aliyasema hayo ananuka pombe, akashika mlango akaondoka. Majirani wakavuta watoto wao ndani.

Siku moja mama yake alimkuta hajitambui. Hospitali wakamrudisha. Alipofumbua macho hakusema amekosea kipimo. Alisema, "Nilitaka kufa, mama. Na bado nataka." Tumefundishwa kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu hakuficha.

Nikamshika mkono, tukaenda wodi ya wagonjwa wa akili. Muuguzi wa mapokezi, dada mwenye sauti ya upole, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mzee, anatumia vidonge. Huyu akae mwezi mzima bila kitu mwilini, ndipo daktari ajue huzuni ni yake au ni ya dawa. Mpelekeni kwanza nyumba ya waraibu."

Tukaenda. Msimamizi wa nyumba ile naye aliwahi kutumia, akatuonea huruma ya kweli, hata kiti akampa.

"Mzee wangu, hapa nimejaza wanaume, dada zetu wana chumba kimoja tu. Lakini shida si chumba. Aliyejaribu kujiua simpokei. Akinifia humu, nyumba inafungwa. Atibiwe kwanza hayo mawazo kule wodini, halafu mlete."

Danadana tulizopigwa, mpira ungepasuka. Njiani Kicheko akasimama, akaegemea ukuta.

"Mjomba, sikiliza. Nikiacha kutaka kufa, watanitibu vidonge. Nikiacha vidonge, watanitibu kutaka kufa. Nikishaviacha vyote, niwafuate wa nini? Kuwasalimia?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Tukaamua kuutafuta ule mwezi wenyewe, nyumbani kwa mama yake. Dada yangu alimlinda kama mlinzi wa benki. Alipekua godoro, akakung'uta mifuko, akanusa hata kikombe. Kila jioni swali lilikuwa moja, "Umemeza?" "Sijameza, mama." Basi tunashukuru, tunakwenda kulala. Wenzake wa kwa dobi walikuja wakampongeza, wakasema uso umerudi. Kweli alikuwa hamezi. Alitetemeka, akatapika, akavumilia. Lakini vile vidonge vilikuwa vimefunika moto tu, havikuuzima, na sasa kifuniko kimeondolewa. Mtoto wake akamrudia upya, kana kwamba amezikwa jana. Aliniambia hivyo mwenyewe, kwamba anamsikia akilia, na ziwa linauma. Nikarudi wodini kuwaeleza. Wakaniuliza amefikisha mwezi? Nikasema bado. Wakasema, "Vumilieni, mzee, mmebakiza kidogo."

Hatukuufikisha. Alijiua mwili wake ukiwa safi, hauna hata chembe ya kidonge.

Msibani waligombana. Shangazi yake alisema ameuawa na madawa, mabinti wengine wajifunze. Mama yake alisema ameuawa na huzuni. Wakapandishiana sauti mbele ya wageni, kila mmoja na chake, kama vile marehemu walikuwa wawili. Mwenzake wa meza ya pasi, yule wa nusu kidonge, alikaa kona, hajala, hakuna aliyemsogelea.

Baada ya siku za msiba nilikwenda wodini, kisha nyumba ya waraibu. Sikwenda kugombana, kwa umri huu hata pumzi ya kugombana sina. Muuguzi aliinamia meza. Msimamizi alinishika bega, akaniita mzee wangu, akanisindikiza mpaka barabarani. Wote wawili niliwauliza neno moja tu, na nimewauliza wengi tangu hapo, wasomi kwa wasiosoma: mwanamke aliye na vyote viwili, aanze kubisha mlango upi?