Bibi Alivyoulinda Mlango

Kila asubuhi, kabla ya kwenda zahanati, mama yangu alipitia kwanza kwa mavyaa yake, yaani bibi yangu mzaa baba, akamwamkia na kumbusu mkono. Ndivyo tulivyolelewa huku Msambweni: mdogo ndiye anayebusu mkono wa mkubwa, awe muuguzi au waziri.

Basi siku niliyompeleka shangazi zahanati kwa tuktuk yangu akajifungue, bibi naye alipanda bila kualikwa, na chupa ya mafuta ya nazi mkononi. Alikuwa mkunga wa jadi. Hata mimi nilizaliwa mikononi mwake. Lakini binti yake mkubwa alifia mikononi humo humo akijifungua, na shangazi ndiye binti pekee aliyembakia. Bibi hakuwa tayari kumwachia mtu, hata mkaza mwanawe, yaani mama yangu.

Zamu ilikuwa ya mama. Bibi aliingia nao chumbani, akajipaka mafuta viganjani, akaanza kumkanda shangazi tumbo ili mtoto ashuke upesi. Mama alimwomba aache, kwamba kukanda huko kungeweza kumletea shangazi hatari. Bibi akajitia hasikii. Mama akamshika mikono yote miwili, akamtoa nje, akamwonyesha tangazo la mlangoni: kumzuia mhudumu wa afya kazini ni kosa la sheria.

"Utanishitaki, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Nitakushitaki, mama. Kisha nitakuletea uji rumande."

Nilitazama pembeni. Kwetu mtu hamtoi mavyaa yake hata jikoni.

Bibi alitandika leso pale pale mlangoni, akaketi. Mume wa shangazi alipofika mbio akitaka kuingia, alimzuia kwa mguu.

"Ni kosa la sheria. Mkaza mwanangu hana mchezo, atakufunga."

Hata mimi niliyetaka kuchungulia tu nilifukuzwa. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote. Midomo ilimcheza kwa dua, na ile chupa hakuiachia.

Hatimaye kitoto kililia. Mama akafungua mlango.

"Wazima?" bibi aliuliza.

"Wote wawili, alhamdulillahi. Sasa ingia, mama."

Bibi aliinuka, lakini hakuingia. Aliushika mkono wa mama, ungali umelowa maji, akaubusu. Mama akaona haya, akataka kuuvuta.

"Usinizuie," bibi alimwambia.